Mifupa ya Miungu: Kwa Nini Nakusanya Misri ya Fedha

Watu wakisikia nakusanya sarafu zenye sanaa ya Misri ya kale, hudhani nazungumzia dhahabu. Si ajabu. Barakoa ya dhahabu ya Farao Tutankhamun ina uzito wa zaidi ya kilo 10, na tangu kaburi lake lilipogunduliwa mwaka 1922, Misri na dhahabu vimekuwa kitu kimoja vichwani mwa watu. Mimi nakusanya za madini ya fedha tu, na wala sizioni kuwa za daraja la pili.

Wamisri wenyewe waliamini kuwa nyama ya miungu ni dhahabu, nywele zao lapisi lazuli, lile jiwe la buluu, na mifupa yao fedha. Dhahabu waliipata katika jangwa la mashariki mwa Nile na kule Nubia, kusini mwa Misri. Fedha ilibidi itoke nje, na katika enzi za mwanzo ilithaminiwa kuipita dhahabu. Mwaka 1940, mwanaakiolojia Mfaransa Pierre Montet alipofikia maziko ya Farao Psusennes wa Kwanza huko Tanis, kaskazini mwa Misri, alikuta jeneza zima la fedha. Dunia ilikuwa vitani, kwa hiyo habari ile haikuvuma hata robo ya ilivyovuma ya Tutankhamun. Naona huyu mfalme alidhulumiwa.

Katika sarafu zangu, ninayoipenda kuliko zote ni ya wakia moja, yaani gramu 31.1, yenye hukumu ya moyo, pale moyo wa marehemu unapopimwa kwenye mizani. Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, amepiga goti akikagua mizani. Upande mmoja kuna moyo, umbo lake kama chungu kidogo. Upande wa pili unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Thoth, mungu wa maandishi mwenye kichwa cha ndege kwarara, ameshika kalamu tayari kuandika matokeo. Nyuma yake anasubiri Ammit, mla mioyo ya waovu: kichwa cha mamba, kifua cha simba, makalio ya kiboko. Yote hayo yameenea kwenye kipande kinachofunikwa na kiganja, na ukikiinamisha kwenye mwanga, mishipi ya mizani inaonekana uzi kwa uzi.

Mchongaji wake anaijua kazi. Nyuso zimetazama pembeni, lakini jicho limechorwa zima kama linakutazama wewe, na mabega yote mawili yanaonekana. Ndiyo kanuni ya Misri: kila kiungo kionyeshwe kwa upande unaokitambulisha vizuri zaidi. Wapo wachongaji wa leo "wanaoirekebisha" kanuni hiyo ili watu waonekane wa kawaida, na hapo kwangu sarafu inakufa.

Kipimo changu kingine ni jina la mfalme kwa maandishi ya picha, lile lililozungushiwa duara refu. Kwa Tutankhamun, lazima uanze kumwona Amun: jani la tete, ubao wa mchezo, mawimbi ya maji. Amun hutamkwa mwishoni mwa jina, lakini huandikwa mwanzo kwa sababu ni mungu. Kisha mkate, kifaranga wa kware, mkate tena, halafu ankh, alama ya uhai. Nikikuta alama zilizopangwa kama mapambo tu, zisizosomeka, siinunui hata kama inang'aa vipi.

Kwa sehemu kubwa ya historia yao, Wamisri hawakutumia sarafu kabisa. Walipima thamani ya vitu kwa uzani uitwao deben. Sarafu zilishamiri baadaye sana, chini ya akina Ptolemy, wafalme wa asili ya Kigiriki. Leo barakoa ya Tutankhamun iko kwenye sarafu ya kawaida ya pauni moja ya Misri, ilhali sarafu nyingi za wakusanyaji hubeba jina la Chad au la kisiwa cha Niue. Hilo halinisumbui. Ila soma vizuri: kisichokuwa na jina la nchi wala thamani ya pesa ni medali, si sarafu.

Na tafadhali, msizisugue! Ule weusi kwenye mabonde ya nakshi umetiwa makusudi kwa kemikali zenye salfa, na ndio unaoinua mistari ionekane. Kitambaa cha kung'arishia kikipita mara chache tu, manyoya ya shingo ya Ammit yanapotea. Shika ukingoni, irudishe kwenye kasha lake.

Kwa sasa natafuta ya Thoth peke yake, mdomo wa kwarara ukiwa umepinda sawasawa na si kama wa korongo. Anayeifahamu aniandikie hapa chini.