Mradi wa EJ205: injini ya Subaru Forester iliyofika kwangu ikigonga

Jumamosi ya kwanza

Hatimaye bloku imefunguka. EJ205 ni injini ya boksa: pistoni mbili zinalala kulia, mbili kushoto, na bloku yenyewe ni nusu mbili zilizoibana krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, katikati. Hata ukishatoa hedi, yaani vifuniko vya silinda vyenye vali, nusu hizo hazitengani mpaka uchomoe pini za pistoni. Unafungua vizibo vya mbele na nyuma ya bloku, unazungusha krankshafti polepole hadi pini isimame sawasawa na tundu, unatoa klipu kwa koleo ya mdomo mrefu, ndipo unavuta pini. Ya silinda ya tatu ilinichukua saa moja na nusu kwa sababu oili iliyoungua ilikuwa imeigandisha kama gundi.

Kwenye konrodi ya silinda ya nne, ule mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, nilikuta nilichokitarajia. Utando wa juu wa beringi umeliwa wote, shaba iko wazi, na nusu moja imezunguka ikapanda juu ya mwenzake. Shingo ya krankshafti, sehemu inayozunguka ndani ya beringi, mahali hapo ina mifereji. Ukipitisha ukucha unakwama. Huo ndio mlio wa kugonga niliokuwa nausikia siku niliponunua gari, ule wa "kong, kong" unaopanda ukikanyaga mafuta na kujificha kidogo ukiachia.

Gari ni Forester XT ya 2004, muundo wa SG5, liliingia Kenya 2011 likiwa bado ndani ya ile sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane. Mwenye nalo alikuwa ameshaambiwa na mafundi wawili kwamba injini hizi hazina maisha, afadhali anunue nyingine iliyotumika Japani aiweke nzima nzima. Aliponiuzia alinionea huruma. Mimi nililichukua kwa sababu naamini kinyume chake, na mradi huu wote ni kutafuta kama imani yangu ina msingi.

Kuhusu jina baya

EJ205 ina sentimita za ujazo 1,994. Kipenyo cha silinda ni 92 mm na mwendo wa pistoni ni 75 mm tu, kwa hiyo ni injini ya silinda pana na mwendo mfupi, inayopenda kuzunguka. Kwenye Forester ya Japani ya umri huu kiwanda kiliandika nguvu farasi 220 kwa mizunguko 5,600 kwa dakika, na torki ya Nm 309 kwa mizunguko 3,500. Kemshafti, zile shafti zinazofungua vali, ni nne, vali 16, na zile za kuingiza hewa hubadilishiwa taimingi kwa shinikizo la oili. Ukuta wa juu wa silinda haujashikwa na bloku; kwenye EJ207 ya STI, Subaru ya mbio, umeshikwa sehemu kadhaa, ndiyo maana STI huvumilia zaidi mtu akianza kuongeza presha ya turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini.

Sasa, mtu akisema familia hii ya EJ20 haina maisha, namkumbusha Januari 1989, Arizona. Subaru ilipeleka gari la Legacy RS lenye EJ20 ya turbo likazungushwa usiku na mchana mpaka likamaliza kilomita 100,000, kwa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa, kusimama kwa mafuta na madereva kukiwa ndani ya hesabu. Ni zaidi ya saa 447. Injini dhaifu haifanyi hivyo. Na sisi huku tuliiona kwa macho: Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Richard Burns akashinda 2000, wote kwa Impreza yenye injini ya ukoo huu huu, kwenye vumbi na mawe yetu.

Zinazokufa mitaani zinakufa kwa kukosa oili. Nimefungua tatu sasa, hii ikiwemo, na zote zilikuwa na alama ileile.

Katikati ya wiki: nani alizuia oili

Nyuma ya hedi ya kulia kuna boliti yenye tundu ndani, inayopeleka oili kwenye turbo. Ndani yake kiwanda kiliweka kichujio kidogo cha waya, kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Nilikitoa nikakishika kwenye mwanga wa dirisha: hakipitishi mwanga hata chembe. Kimejaa tope jeusi la oili iliyokaa muda mrefu mno. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na shafti yake inaelea juu ya oili peke yake. Ikikauka, shafti inakula mabushi, vumbi la chuma linarudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, pampu inalinyonya na kulisambaza kwenye beringi zote.

Hiyo ndiyo picha yangu ya kifo cha injini hii. Turbo ilikuwa imelegea kiasi cha visu vyake kugusa ukuta, nami sidhani kama ni bahati kwamba beringi ilienda nayo.

Nilitoa pia bomba la kunyonyea oili lililo ndani ya sampu. Mabomba haya yanajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo chake cha kuchomelea, na yakipasuka pampu inanyonya hewa. La kwangu halijapasuka, lakini nimeweka jipya lililoimarishwa bila kufikiri mara mbili. Kipoza oili kinachokaa juu ya filta nimekitupa. Mafundi wengi hukiosha kwa petroli na kukirudisha, na miezi mitatu baadaye injini mpya inagonga tena, kwa sababu vipande vya chuma vilivyojibanza humo havitoki kwa kuoshwa. Na pampu ya oili, kabla ya kuirudisha, igeuzeni mwone skrubu za bamba la nyuma. Mbili zangu zilikuwa zinazungushika kwa vidole.

Krankshafti

Nilimpelekea mzee anayechonga vyuma Industrial Area, Nairobi. Aliizungusha mezani, akaweka mikromita, akatikisa kichwa.

"Mzee, haiwezi kuchongwa ikapungua kidogo?"

"Inachongeka, kijana wangu. Lakini tafuta nyingine. Hii imepata moto."

Alinionyesha rangi ya buluu pembeni mwa shingo, ambayo mimi sikuwa nimeiona. Nikazunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road siku mbili hadi nikapata krankshafti ya injini iliyokatika mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika kwenye injini hii vali zinagongana na pistoni na hedi zinaharibika, lakini chini kunabaki salama. Mzee alipima shingo za konrodi, zote 51.99 mm wakati kipimo cha kiwanda ni 52 kasoro kidogo. Akaing'arisha tu. Konrodi ya silinda ya nne nayo nilibadilisha, maana beringi ikishazunguka ndani ya konrodi, tundu lake halina uduara tena.

Jumamosi ya tatu: kufunga

Kazi hii niliifanya asubuhi mapema kabla upepo haujainua vumbi. Unaweka beringi, unalaza uzi laini wa plastiki juu ya shingo, unakaza konrodi kwa kipimo chake, unafungua tena. Uzi umebanwa ukawa utepe. Unaulinganisha upana wake na karatasi iliyokuja nao. Yangu ilisoma nafasi ya 0.04 mm kati ya beringi na shingo kwenye konrodi zote nne. Nilirudia ya nne mara tatu.

Kati ya nusu mbili za bloku hakuna gasketi, ni gundi maalumu ya kuziba tu, utepe mwembamba. Ukiweka nyingi inatoka kwa ndani na kuja kuziba njia zilezile za oili unazojaribu kuziokoa.

Kwa anayefanya mkanda wa taimingi nyumbani: alama ya krankshafti ni ule mstari mdogo ulio kwenye jino nyuma ya gia. Mshale unaoonekana vizuri mbele siyo alama. Watu wamekunja vali kumi na sita kwa kuamini mshale. Na kemshafti za kushoto zinakaa zikisukumwa na springi za vali, zikiteleza zinajigeuza ghafla, kwa hiyo vidole mbali.

Kuwasha

Tulikata umeme wa plagi na sindano za petroli, tukapiga staata kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili ikainuka. Sekunde kama ishirini, na sijawahi kuangalia sindano ya geji kwa moyo namna ile. Tukarudisha umeme. Ikashika mara ya pili, ikanguruma ule mngurumo wa Subaru unaotokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, na chini ya mngurumo hapakuwa na kitu kingine. Niliweka bisibisi sikioni, ncha kwenye bloku, nikasikiliza upande wa nne mpaka jirani akauliza kama kuna tatizo.

Kilomita 1,040

Oili nimebadilisha baada ya nusu saa ya kwanza, kisha kilomita 100, 500, na leo 1,040. Dipstiki ya injini hii inasomeka vibaya, upande mmoja unaonyesha imejaa na wa pili nusu. Mimi huamini upande unaosoma chini, gari likiwa limelala usiku mzima. Katika kilomita 500 za mwisho haijashuka kwa namna ya kuonekana.

Presha ya turbo sijaigusa na sitaigusa sasa. Programu ya injini hii iliandikwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96, nasi tunaipa ya chini ya hapo. Pistoni zake ni za kumiminwa, na mchanganyiko ukilipuka kabla ya wakati wake kinachovunjika kwanza ni kuta nyembamba zilizo kati ya ringi. Tena tuko juu. Hewa ya Nairobi ina presha ya takriban 82 kPa, Mombasa ni 101. Ili turbo ifikishe 181 kPa kwenye silinda, Mombasa inakandamiza hewa mara 1.8, hapa inabidi mara 2.2. Inazunguka kwa kasi zaidi, inatoa hewa ya moto zaidi, na inaitegemea ile boliti yenye tundu kuliko wenzetu wa pwani. Kichujio kipya kimo ndani, na nitakifungua kila baada ya kilomita 10,000.

Filta ya oili niliyoitoa leo nimeikata kwa msumeno, nikaitandaza karatasi yake juani kwenye kibaraza na kupitisha sumaku kila mkunjo. Haikushika kitu. Jumamosi ijayo natoa kipoza hewa cha juu ya injini nikioshe, halafu gari linapelekwa kwa mtaalamu kusomewa taimingi ya moto kwa petroli yetu.