Siku yangu na chaneli sita, Kikwajuni

Saa 11 alfajiri, nikishaswali, nawasha kompyuta kabla ya kuteleka chai. Wakati huo umeme wa mtaani huwa umetulia na barabarani hakuna honi. Kazi ya leo ni taarabu: onyesho la dakika 92 lililorekodiwa kwa sauti inayomzunguka msikilizaji, chaneli sita, yaani 5.1: spika tano na moja ya besi. Rekodi za mwanzo zilipotea pale diski ilipokufa. Imebaki diski moja ya Blu-ray yenye sauti ya DTS-HD Master Audio, mtindo wa kubana sauti usiopoteza kitu ukifunguliwa wote. Mwenye kazi, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ninayemwita Maalim, anataka makofi baina ya nyimbo mbili yapungue sekunde 7, kisha sauti yote iwekwe kwenye FLAC ya kuhifadhi, aina ya faili inayobana sauti bila kuipunguza.

Saa 1 asubuhi naanza na lile lililonikosesha usingizi. Maalim alikuwa ameshatengenezewa FLAC na studio nyingine. Aliponiletea aliniuliza, "Mbona kama imefunikwa shuka?" DTS-HD ina tabaka mbili. Kuna kiini, ambacho hubanwa kwa kutupa baadhi ya sauti, kwa kawaida kilobiti 1,509 kwa sekunde. Na juu yake kuna nyongeza inayorudisha yote yaliyotupwa. Programu za zamani husoma kiini peke yake na wala hazikwambii. Hata FFmpeg, wanayoitumia mafundi wengi, ilianza kuifungua nyongeza hiyo bila msaada wa nje mwaka 2016. Mtu akikifungua kiini akakitia kwenye FLAC, anapata faili kubwa lenye jina la heshima, na ndani mna sauti iliyokwishachujwa. FLAC haipotezi kitu, lakini haina njia ya kurudisha kilichopotea kabla yake.

Nikaifungua Blu-ray mwenyewe, kiini na nyongeza yake. Nikayapanga mafaili mawili, langu na lile la studio, sampuli kwa sampuli, yaani kipimo kwa kipimo cha sauti, moja nikaligeuza wimbi juu chini, nikayajumlisha. Yangekuwa sawa ningesikia kimya kitupu. Nilisikia mchakacho mwembamba, kama mchanga unaoburutwa na maji yanapotoka, na kila kanuni ilipopigwa mchakacho ulinyanyuka nayo. Nilikaa nikiusikiliza dakika nzima. Ule ndio mkono wa Maalim uliotupwa. Uliniuma.

Saa 3, chai na mkate wa kumimina.

Kisha hesabu ya ukubwa. Sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, chaneli sita: dakika 92 za sauti isiyobanwa zinafika gigabaiti 4.77. WAV ya kawaida, faili la sauti isiyobanwa, inakomea gigabaiti 4.29, maana nafasi ya kuandikia ukubwa wake ni biti 32 tu. Mie hutumia W64, yenye nafasi ya biti 64, kwani nimewahi kuona onyesho likikatika mwishoni kwa sababu hiyo hiyo, na aliyelipeleka hakujua mpaka watu wamekaa.

Saa 6 na robo umeme ukakatika. UPS, betri ya akiba, ilinipa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Nikaswali, nikala wali kwa mchuzi wa nazi, nikangoja.

Umeme ulirudi saa 9, nikakata. Picha ina fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni sampuli 1,920. Sekunde 7 ni sampuli 336,000. Chaneli zote sita hukatwa pamoja, kwenye sampuli ile ile. Ukiiachia moja ichelewe, ukumbi unapinda: fidla unaisikia mbele na mwangwi wake hauji pale ulipotakiwa. Kiungo nikakilainisha kwa milisekunde 20. Hapo tu ndipo mkono wangu ulipogusa. Sampuli nyingine zote ni zile zile zilizotoka kwenye Blu-ray.

Baada ya Magharibi nikasikia hodi.

"Karibu Maalim, kaa hapa kati."

"Starehe, mwanangu."

Alifumba macho. Kanuni ilipoingia, vidole vyake vikaanza kutembea juu ya goti. "Sasa hii ndiyo yangu," akasema. Tukafika kwenye makofi, nikaona amefumbua macho.

"Na kile kigelegele? Kilikuwa nyuma, upande wa kushoto. Ni cha bibi yako yule, mke wangu. Umekitoa?"

Nilikuwa nimekitoa. Nilisikia makofi tu, sikumsikia mtu.

Sikupata tabu, maana faili la asili sikuligusa. Nikausogeza mkato sekunde 9 mbele, penye makofi matupu, nikaienkodi, yaani nikaibana, upya kutoka kule kule mwanzo. Sauti iliyobanwa kwa kutupa, kila ukiienkodi tena inapungua. Hii unaweza kuirudia mara kumi na isipungue hata biti. FLAC huandika ndani yake alama ya MD5, kama alama ya kidole, ya sauti ilivyokuwa kabla ya kubanwa. Nikalifungua faili jipya, nikalinganisha alama. Zimelingana.

Saa 4 kasoro usiku nikanakili kwenye diski mbili, moja yake, moja yangu. Maalim hakuondoka. Alisogeza kiti karibu na spika ya nyuma kushoto.

"Kirudishe," akasema. "Mara moja tu."