Kenneth Berns na Kirusi Kisicho na Ugonjwa

Nikiulizwa tiba ya jeni, yaani kutibu ugonjwa kwa kupeleka jeni nzima ndani ya seli, ilianzia wapi, humtaja kwanza Kenneth Berns, mtafiti wa Marekani aliyejitolea kwa miaka mingi kuchunguza kirusi ambacho hakijulikani kumletea binadamu ugonjwa wowote. Kirusi hicho, AAV (kifupi cha Kiingereza cha 'kirusi kinachoambatana na adenovirusi'), kiligunduliwa mwaka 1965 kikiwa kimechanganyika maabarani na adenovirusi, aina ya virusi vinavyoweza kuleta mafua, na kwa kawaida hakiwezi kuzaliana bila msaada wa kirusi kingine.

Swali mojawapo la mwanzo lilikuwa la msingi kabisa: je, DNA yake ni ya uzi mmoja au nyuzi mbili? Ikitolewa ndani ya ganda la protini ilionekana kuwa na nyuzi mbili. Mwaka 1969 Berns na wenzake walichukua virusi vilivyokuzwa kwa namna iliyofanya DNA yao iwe nzito, wakavichanganya na vya kawaida, na hapo ndipo walipoitoa DNA kwenye maganda. Ilipatikana DNA yenye uzi mmoja mzito na mwingine mwepesi, jambo lisilowezekana isipokuwa kila ganda lilibeba uzi mmoja tu, na nyuzi hizo zikaungana baada ya kutoka. Jaribio hilo hunivutia kila ninapolifikiria, kwa kuwa jibu lake halihitaji kubishaniwa.

Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Florida, Berns na Nicholas Muzyczka, pamoja na mwanafunzi wao Jude Samulski, waliipachika DNA nzima ya AAV kwenye plasmidi ya bakteria, yaani kipande kidogo cha DNA cha duara ambacho bakteria hukinakili. Walipoiingiza katika seli za binadamu zenye adenovirusi, kirusi kamili kikazaliwa upya. Tangu hapo jeni za kirusi ziliweza kuondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake, na mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, dawa inayotumia AAV kupeleka jeni ya RPE65 kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya watu wanaopoteza uwezo wa kuona kwa kurithi kasoro ya jeni hiyo.

Kwa maoni yangu, ugumu uliobaki bado ni wa kirusi chenyewe. Ganda lake hubeba takriban herufi 4,700 za DNA, ilhali maelekezo ya kutengeneza distrofini, protini ya misuli, yanafikia takriban 11,000, hivyo watafiti hulazimika kuyafupisha. Tena wengi wetu tulishaambukizwa AAV bila kujua, na kingamwili tulizobaki nazo zinaweza kuizuia dawa kabla haijafika kwenye seli.