Glisirini ya Shangazi

Nilikuwa kidato cha tano, Tanga, nikikaa kwa shangazi. Glisirini ya maabara ilitosha makundi matatu, sisi tukawa la nne. Nikajigamba kwamba kwetu ipo. Jioni nikaiondoa chupa kwenye kabati la shangazi, kimya kimya.

Jaribio lenyewe halikuwa na mambo mengi: unadondosha gololi ya chuma ya milimita 2 kwenye silinda ndefu, unapima muda inaoshuka sentimita 30. Kwa wenzetu ilishuka kwa madaha kama bibi harusi, sekunde 15 hivi. Yetu, 3. Tukarudia: 3 tena. Mmoja wetu akashauri tuandike 15, yaishe.

Mwalimu akainama, akanusa silinda. "Hii inanukia harusi. Nani katia marashi?"

Darasa likaangua kicheko. Lakini alisahau hata kunigombeza, akakimbilia ubaoni kuchora molekuli ya glisirini: kaboni 3, kila moja imebeba oksijeni yenye haidrojeni yake. Haidrojeni ya huyu inavutwa na oksijeni ya jirani, na kwa kuwa kila molekuli ina sehemu tatu za namna hiyo, zote zinashikana huku na huku. Gololi haipiti mpaka mishiko hiyo iachie. Maji nayo hushikana, ila molekuli zake ni ndogo, zinaachiana upesi. Zikijipenyeza katikati, mshiko wote unalegea: sehemu 1 tu ya maji katika 10 inashusha mnato, yaani uzito wa kutiririka, zaidi ya mara tano.

"Kwani si kwa sababu maji ni mepesi?" nikauliza.

Akasema hapana. Kwa ujazo uleule, glisirini ni nzito mara 1.26 tu kuliko maji, ilhali mnato wake kwenye nyuzi 20 ni zaidi ya mara 1,000. Zebaki ni nzito mara 13.6, na inatiririka karibu kama maji. Hilo la zebaki liliniingia kuliko mchoro wote.

Nikarudi nyumbani na chupa iliyopungua nusu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Glisirini yangu nayo imeanza shule?"

Nikamuuliza kwa nini huitia maji ya waridi.

"Tupu inang'ang'ania, mwanangu. Ukijipaka ukatoka nje, unarudi na mchanga wa mtaa mzima."