Ninavyolima nyanya na pilipili za aina nyingi nyuma ya nyumba

Nyanya nazigawa kwa ukuaji wake kwanza; rangi na ladha baadaye. Cal J, Roma na Rio Grande ni fupi: shina huishia kwenye kishada cha maua, na matunda mengi hubebwa na matawi ya pembeni. Hizo sizipogoi, ila naondoa majani yanayogusa udongo. Moneymaker haikomi kurefuka. Naisimikia mti wa mita 2, naiachia shina moja, na kila wiki nang'oa kwa vidole machipukizi ya kwapani mwa majani kabla hayajapita sentimita 5. Ukiipogoa Cal J hivyo hivyo, umejipunguzia mavuno mwenyewe.

Kitaluni pilipili mbuzi hutangulia. Mbegu zake huweza kukaa wiki 2 hadi 3 bila kuota, wakati nyanya huchomoza ndani ya wiki moja tu. Kila mstari una kijiti chenye jina lililoandikwa kwa penseli, maana wino wa maka hupauka juani, na miche ya nyanya haitofautiki kwa macho. Shambani nyanya napanda kwa sentimita 50, pilipili 45.

Maji ni asubuhi, shinani, kwa kipimo kilekile. Udongo ukikauka kisha ukaloweshwa ghafla, kalisiamu haifiki vizuri kwenye tunda, na kitako huoza. Roma na Rio Grande ndizo huanza kuonyesha kuoza huko. Matandazo ya nyasi kavu husaidia kuliko dawa yoyote.

Mche ukinyauka ghafla ukiwa kijani, kata shina karibu na ardhi ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Zikitiririka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa mche na mizizi yote, uuchome, na usirudishe hapo nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa.

Kwenye mbegu ndipo nawaomba wenzangu wawe makini. Nyanya hujichavusha yenyewe, hivyo aina zilizo jirani huchanganyika kwa nadra. Pilipili hoho na pilipili ndefu ni spishi moja, na nyuki huzichanganya kwa urahisi. Hata zikichanganyika, hoho ya msimu huu haitakuwa kali. Ukali utatokea kwenye matunda ya miche utakayootesha kwa mbegu zake. Kwa hiyo tawi la pilipili lenye vitumba vya maua nalivika kifuko cha kitambaa cha chandarua kabla havijafunguka, nalitikisa kila asubuhi, na tunda likishika naondoa kifuko na kufunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Tunda hilo haliliwi. Naliacha liive hadi liwe jekundu kabisa.

Mbegu za nyanya nazichachusha na majimaji yake siku 2 au 3 hadi ute uachie, nazisuuza kwenye chujio na kuzianika kwenye sahani, kwani zikianikwa kwenye karatasi huganda. Za pilipili nazikausha kivulini tu. Mbegu ikipindwa ikavunjika, imekauka. Naitia kwenye bahasha yenye jina na mwaka. Mbegu za F1, yaani chotara la kwanza la aina mbili, sizihifadhi, kwa kuwa kizazi chake cha pili hakifanani na mzazi.