Siku moja maishani mwangu: "Kohoa, halafu kunja"

Saa 11:00 alfajiri. Simu inalia, naizima, inalia tena. Ukitoka Mbagala umechelewa nusu saa tu, foleni imekumeza. Mimi ni mfiziotherapia. Mtaani wananiita daktari wa mazoezi, nimeshaacha kubishana nao.

Saa 1:30 asubuhi. Wodini. Kijana wa bodaboda, amefanyiwa upasuaji juzi, kiwiko kimekunjwa na kufungwa hogo. Siku ya ajali aliangukia bega. Kichwa kikaenda huku, bega kule, neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zikachanika. Vidole anafunga na kufungua vizuri, ila kukunja kiwiko ndiyo hawezi.

Kilichoniuma ni muda. Alizungushwa karibu miaka miwili, mara dawa ya kuchua, mara "subiri, utarudi wenyewe". Msuli ukikaa bila neva mwaka hadi mwaka na nusu hunyauka, na hata ukiunganishiwa neva baadaye hauamki. Ndiyo maana madaktari wamehamisha msuli ulio hai: ule mpana wa mgongoni. Wameupitisha kwapani ukiwa na neva yake na mishipa yake ya damu, wakaushonea kwenye kano ya mbele ya kiwiko.

"Shikamoo mama," namsalimia mama yake.

"Marahaba mwanangu. Sasa huo mgongo mliouchomoa nyama, ataubebea nini?"

Namwambia misuli mingine itasaidia. Atauhisi upungufu akijivuta juu kwa mikono, kama mtu anayekwea mnazi. Mama anamtazama mwanawe, anacheka: "Huyu hata muembe hajawahi kupanda."

Leo ni vidole na kupumua tu. Kiwiko hakinyooshwi kwa takriban wiki sita, maana mshono ukiachia, kazi yote imekwenda na maji.

Saa 4:00. Kliniki. Huyu alipasuliwa kama yule wa wodini, yuko wiki ya 9. Namlaza mkono juu ya meza niliyoinyunyizia poda ili uteleze, naweka vidole viwili juu ya msuli.

"Kunja."

Anakunja uso. Mkono umetulia tuli.

"Kohoa."

Msuli unaruka chini ya vidole vyangu kama samaki kwenye ndoo. Msuli huu hukaza mtu akikohoa, uwe mgongoni au mkononi. Kabla ya upasuaji niliupima hivyohivyo, nimeshika nyuma ya kwapa. Tunapima nguvu kwa daraja 0 hadi 5, na msuli ukihamishwa kwa kawaida hushuka daraja moja. Ukihamisha uliochoka, umehamisha mzigo.

"Kohoa, halafu kunja hapohapo."

Mkono unateleza juu ya poda. Naweka kipimo: nyuzi 40. Anataka kurudia, tunarudia mpaka koo linamkauka. Namwomba ajaribu bila kukohoa. Haendi. Bado ubongo wake unadhani ule ni mgongo. Anasema jana kwenye daladala vumbi lilimpalia, mkono ukamrukia abiria wa jirani. Nimecheka mpaka dada wa mapokezi amechungulia.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage, dakika kumi na tano.

Saa 8:00. Fundi cherehani. Alivunjika mfupa wa juu wa mkono, neva ikaumia, kiganja kikawa kinaning'inia. Kwake wamehamisha msuli unaogeuza kiganja chini, sasa unainua kifundo cha mkono. Namwambia, "Dada, geuza kiganja chini," na kifundo kinapanda. Ameleta kitambaa, anataka kunionyesha anavyokisukuma chini ya sindano. Kimekwenda upande kidogo, ila kimekwenda.

Saa 10:00. Mafaili. Hakuna anayependa mafaili.

Saa 12:30 jioni. Nimesimama kwenye daladala, nimebanwa mlangoni. Mzee mmoja siti ya mbele anakohoa, na mimi, bila kukusudia, namtazama kiwiko.