Siku moja maishani mwangu: vileja na nankhatai 1,800 kabla mwezi haujaandama

Saa tisa usiku. Daku tumeshakula, na samli nimeitoa frijini tangu saa saba ili ilainike bila kuyeyuka. Leo ni mwezi 28 Ramadhani, hapa Unguja. Kesho magharibi watu watatazama mwezi. Ukiandama, keshokutwa ni Idd. Usipoandama, tunatimiza 30. Mwokaji hawezi kusubiri tangazo. Kesho mchana mzigo lazima uwe umeshafungwa, iwe mwezi utaonekana au hautaonekana.

Oda ya leo ni vifuko 300 vya watoto wa madrasa, kila kifuko vileja 3, yaani biskuti za unga wa mchele, na nankhatai 3, biskuti za unga wa ngano. Hesabu yake ni hii. Vileja: unga wa mchele kilo 8, samli kilo 4, sukari ya kusaga kilo 4, mayai 48. Nankhatai: unga wa ngano kilo 9, samli kilo 5 na gramu 400, sukari ya kusaga kilo 4 na nusu. Iliki gramu 6 kwa kila kilo ya unga, beking pauda kijiko kimoja cha chai kwa kilo. Kila donge ni gramu 20. Ukigawa, unapata vipande kama 1,865, yaani ziada ya 65 kwa vitakavyovunjika. Nimefunga, kwa hiyo sionji. Kila kitu kinapita kwenye mizani, hata iliki.

Mpaka adhana ya alfajiri kazi ni moja tu: kupiga samli na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Naifanya usiku kwa sababu mbili. Kwanza umeme, maana mashine ya kupigia haina ubishi saa hizi. Pili joto. Samli inatakiwa iwe ngumu kiasi cha kushika alama ya kidole. Ikishayeyuka haishiki hewa, na nankhatai zitakwenda kutandazika kwenye trei na kushikana kama chapati. Wengi hulaumu unga au jiko, lakini kosa huwa limeshafanyika kwenye bakuli la samli. Sukari nayo lazima iwe ya kusaga. Punje kubwa zinayeyuka jikoni zikiwa tayari zimelivuta donge kwenda pembeni.

Unga siutii wote kwa pamoja. Natia kwa zamu, kilo mbili mbili, kadiri jiko linavyopokea. Mchanganyiko ukikaa saa nyingi, pauda inapungua nguvu na unga unainywa samli, kisha madonge yanapasuka ukiyaviringa. Mayai ya vileja nayatia moja moja, na yawe ya joto la chumba. Yai la baridi likiingia kwenye samli, mchanganyiko unakatika, unaona maji pembeni na vipande vya mafuta katikati.

Saa kumi na mbili asubuhi nawasha jiko. Ni la gesi, la ngazi mbili, linachukua trei mbili za vipande 35 kila moja. Kwa hiyo ni vipande 70 kwa mkupuo. Kuoka ni dakika 18 kwenye nyuzi 170, na ukijumlisha kutoa, kutia na kulisubiri jiko lirudishe joto, mkupuo mmoja unakula dakika 25. Vipande 1,865 ni mikupuo 27. Hiyo ni zaidi ya saa kumi na moja za jiko kuwaka mfululizo. Ningependa kila anayeagiza ajue hesabu hii, kwa sababu watu hudhani kinachochelewesha ni mkono. Mikono tunayo sita, mimi na wapwa zangu wawili. Jiko ni moja.

Asubuhi nzima inakwenda hivyo. Trei sita zinazunguka: mbili ndani, mbili zinapoa, mbili zinapangwa. Donge haliwekwi kwenye trei yenye moto, litaanza kuyeyuka kabla halijaingia. Dakika ya kumi trei zinabadilishana ngazi, kwa sababu ya chini inaungua tako na ya juu inabaki mbichi. Kitufe cha joto cha jiko langu nimeacha kukiamini siku nyingi, ndani kimekaa kipimajoto kidogo cha kuning'iniza, na hicho ndicho ninachokisikiliza.

Vileja vinaanza, kwa sababu ndivyo dhaifu. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano wa kushikanisha, mayai na samli ndivyo vinavyobeba kazi yote. Kileja kilichoiva hakibadiliki rangi juu. Kinabaki cheupe, chini tu ndiko kunaingia rangi ya dhahabu. Anayesubiri kiwe chekundu juu anapata jiwe. Kikitoka usikiguse dakika kumi, ukikiinua cha moto kinamomonyoka mkononi. Na ulaini wake mdomoni unaanza siku ya kabla: mchele unaloweshwa, unachujwa, unaanikwa kivulini mpaka ubaki na unyevu kidogo, unasagwa, halafu unachekechwa kwa chekeche la matundu madogo. Unga wa mchele uliosagwa mkavu unaacha chengachenga kwenye meno.

Saa sita mchana vileja vimekwisha, tumehesabu 911 vizima. Nankhatai zimeanza.

Saa nane akaja mama mmoja wa kamati ya madrasa. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akatazama trei zinavyoingia na kutoka, akasema, "Mwanangu, watoto wameongezeka. Niongezee mia mbili tu. Si jiko linawaka?"

Nilimjibu kwa heshima yake, "Mama, linawaka kwa sababu lina kazi mpaka saa kumi na moja na robo."

Akasema mia mbili si nyingi kwa mtu anayeoka elfu. Nikamweleza tena, polepole. Mia mbili ni mikupuo mitatu. Mikupuo mitatu ni saa moja na robo. Saa kumi na moja na robo ukiongeza saa moja na robo ni saa kumi na mbili na nusu, na hiyo ni futari. Akasema basi nijaze trei zaidi, vipande vibanane. Vikibanana havipati hewa pembeni, vinaiva juu na kubaki unga katikati, na vinatoka vimeshikana. Akasema niongeze moto basi, viive upesi. Nankhatai kwenye nyuzi 200 inashika rangi nje kwa dakika chache, ndani sukari na samli bado hazijatulia, na kesho yake inakuwa na ladha ya unga mbichi. Nilimvunjia moja ambayo mpwa wangu aliiacha ngazi ya juu bila kuibadilisha, aone ule utepe wa kijivu katikati.

Akataka basi hizo mia mbili ziwe nusu vileja. Hapo hata nguvu zangu zote zisingesaidia. Unga wa mchele uliolowekwa jana umekwisha, na wa leo hauwezi kuwa tayari leo. Akauliza kwani dukani haupo? Upo, ni mkavu. Watoto wa darasa moja watakaa mkeka mmoja, huyu ana kileja kinachoyeyuka, mwenziwe ana chenye mchanga. Sikukubali, na bado sikubali. Mtoto hajui oda iliongezwa saa nane mchana, anajua tu kwamba chake kibaya.

Mazungumzo hayo yalichukua dakika arobaini, na ndani yake trei moja ikapitiliza. Nankhatai 35 zenye tako jeusi. Niliziweka kando, haziingii kwenye kifuko cha mtu.

Tukafikia hapa: nankhatai tupu, 200, zitaokwa baada ya tarawehe. Atalipa samli sasa hivi, kwa sababu samli ndiyo inayokula pesa kwenye kazi hii kuliko unga na sukari, na duka likifungwa jioni hakuna pa kuipata. Akakubali, akatoa pesa. Kabla hajaondoka akaomba aanze kuchukua zilizokwisha, afunge nyumbani kwake. Zilikuwa bado vuguvugu. Kitu cha kuoka kikifungwa kwenye nailoni na joto lake kinatoa jasho, jasho linarudi kwenye biskuti, na siku ya Idd unakuta imelegea kama mkate. Nikamwomba aje kesho saa nne.

Alasiri ndiyo ngumu. Kiu ipo, jikoni ni tanuri, na donge lenyewe linachoka, linang'aa mafuta vidoleni. Kila zamu ya unga sasa inapita frijini dakika ishirini kabla ya kuviringwa, na ukiharakisha hapo utaona kwenye trei. Gesi ikafifia mara moja, tukabadilisha mtungi. Mtungi wa pili lazima uwe umesimama tayari, maana jiko likipoa katikati ya mkupuo nankhatai zinakaa bapa na hazinyanyuki tena. Muda sikuutazama. Niliwasikia wapwa wakihesabu kwa sauti, thelathini na tatu, thelathini na nne, nikajua bado.

Mkupuo wa mwisho wa oda ya kwanza ulitoka adhana ya magharibi ikiwa karibu sana. Tende, maji, uji wa pilipili manga, kisha nikakaa chini kwa mara ya kwanza.

Baada ya tarawehe, unga kilo mbili, samli kilo moja na gramu 200, sukari kilo moja. Usiku samli inatii tena. Mikupuo mitatu ikaenda bila shida yoyote, na zile zilizoungua mchana zikafidiwa humo humo na kwenye ziada.

Saa sita usiku tunapanga kwenye ndoo za plastiki, karatasi baina ya kila tabaka, vileja juu siku zote kwa sababu havibebi uzito. Ndoo nne zimefungwa na kuandikwa idadi. Ya tano, yenye nankhatai za mwisho, bado ina joto ukiweka kiganja ubavuni. Nimeifunika kwa kitambaa cha pamba bila mfuniko. Nitaifunga nikiamka daku.